Simba, Kaa au Mbuzi? Chati ya Kizungu na ya Kihindi za mtu mmoja zapishana kupita kiasi

Mtaka_Yakini (Kisauni)

Hamjambo wapwani. Nna chati mbili za nyota za mpwa wangu wa kike. Tarehe ya kuzaliwa ni 5 Agosti 1990, hapa Mombasa, saa mbili na robo usiku.

Ya kwanza imetolewa na programu ya simu ya Kizungu: Jua Simba 12°18', lagna (nyota inayochomoza mashariki mtu anapozaliwa) Mapacha 11°33'. Ya pili imepigwa na pandit, mnajimu wa Kihindu, wa hapa mjini: Jua Kaa 19°18', lagna Ndoo 17°46', na palipoandikwa "rashi" pameandikwa Makara, ambayo naambiwa ni Mbuzi.

Nafahamu kwamba Wahindi na Wazungu hupishana kama digrii 24. Lakini mtu mmoja kuwa Simba, Kaa na Mbuzi kwa wakati mmoja ni mengi mno. Kuna posa inakuja na wazee wa upande wa pili wataka chati zilinganishwe. Nifuate ipi? Na je, yafaa kuchukua Jua la Kizungu nikaliweka kwenye lagna ya Kihindi?

KilimiaMSA

Ndugu, kabla hujauliza ipi ya kufuata, chati zako mbili si za wakati mmoja. Hilo laonekana kwenye namba ulizoweka hapa, bila hata kufungua programu.

Mifumo yote miwili huanza na hesabu ileile ya anga. Jua, Mwezi na sayari viko pale vilipo. Kinachotofautiana ni mahali pa kuanzia kupima duara. Wazungu huanza 0° ya Kondoo pale Jua linapokata ikweta ya mbingu likielekea kaskazini, tarehe 20 au 21 Machi. Wahindi hupima kwa nyota zisizohama. Tofauti baina ya vianzio viwili ndiyo ayanamsa. Kwa hesabu ya Lahiri, ambayo wengi huitumia, mwaka 1990 ilikuwa 23°43'. Kwa hiyo *kila kitu* kwenye chati ya Kizungu, Jua, Mwezi, lagna, Zohali, chote, ukikitoa 23°43' lazima uangukie kwenye chati ya Kihindi. Kisipoangukia, kuna mtu amekosea.

Sasa pima. Hesabu duara kuanzia 0° ya Kondoo, kila buruji, yaani kila moja ya zile nyota 12, digrii 30. Jua la Kizungu, Simba 12°18', ni 132°18'. La Kihindi, Kaa 19°18', ni 109°18'. Tofauti ni 23°00' kamili. Zimepungua dakika 43 za digrii. Jua hutembea kama 57' na nusu kwa siku wakati huo wa mwaka, kwa hiyo 43' ni mwendo wa saa 18.

Tazama lagna, yaani digrii inayochomoza mashariki wakati wa kuzaliwa. Mapacha 11°33' ni 71°33'. Ndoo 17°46' ni 317°46'. Ukirudi nyuma kutoka ya kwanza hadi ya pili ni 113°47'. Toa 23°43' za ayanamsa, zabaki 90° na kidogo, yaani buruji tatu nzima. Lagna huzunguka duara lote kwa siku moja, kwa hiyo buruji tatu ni saa sita, au saa 18 ukizunguka upande wa pili. Jua limeshatuambia ni 18.

Saa 18 zatoka wapi? Saa mbili na robo usiku kwetu ni 20:15. Aliyejaza programu ya simu ameandika 02:15. Pandit alielewa saa ya Kiswahili, programu haikuelewa. Kosa hili ndilo kubwa kuliko yote kwa chati za pwani, na watu hulibebesha tofauti ya Wazungu na Wahindi ambayo haihusiki. Mtu wa saa nane mchana akiandikiwa 08:00 badala ya 14:00, lagna yaruka buruji tatu vilevile.

Jaza 20:15 na chati ya Kizungu itatoka hivi: Jua Simba 13°01', lagna Samaki 11°29'. Toa 23°43' na utapata chati ya pandit hadi dakika ya mwisho.

Na Mbuzi je? Mzungu akikuuliza nyota yako ataka buruji ya Jua. Mhindi akikuuliza rashi yako ataka buruji ya *Mwezi*. Usiku ule Mwezi ulikuwa karibu digrii 9 za Mbuzi kwa hesabu ya Kihindi, na digrii mbili na kitu za Ndoo kwa ya Kizungu. Siku iliyofuata ulikuwa mpevu, na kukawa na kupatwa kwa sehemu. Basi Simba na Kaa ni Jua lilelile limepimwa kwa rula mbili, na Mbuzi ni kitu kingine kabisa.

Kuchanganya Jua la huku na lagna ya kule, usijaribu. Utakuwa umepima mlango kwa futi na dari kwa mita kisha ukajumlisha.

Ndege_wa_Kusi

Kilimia amemaliza upande wa hesabu. Mie naongeza kuhusu rula zenyewe, maana watu hupigana hapa bila sababu.

Vianzio viwili vilikutana karibu mwaka 285, kwa hesabu ya Lahiri. Tangu hapo vyaachana kwa sababu mhimili wa dunia wayumba polepole: Mwezi na Jua huvuta uvimbe wa dunia kwenye ikweta, na mhimili unachora duara moja kwa miaka kama 25,800. Ni digrii moja kila miaka 72. Ndiyo maana ayanamsa ya mtoto wa leo imepita 24°10', ya babu yake ilikuwa pungufu. Watu husema "toa 24" kwa kila mtu; kwa Jua lililo mpakani hiyo yatosha kukuharibia kazi.

Kwa Jua peke yake kuna njia ya haraka. Kihindi, Jua huingia Kondoo karibu 14 Aprili, Kaa 16 au 17 Julai, Simba karibu 17 Agosti, na Mbuzi 14 au 15 Januari, siku ambayo Wahindi hapa mjini husherehekea Makar Sankranti. Kizungu, Mbuzi huanza 21 au 22 Desemba. Kwa hiyo aliyezaliwa kati ya 17 na 22 Agosti ni Simba kotekote, na wengi wa hawa hudhani mifumo haina tofauti.

Na yule atakayeleta habari ya nyota ya 13, Ophiuchus: Jua hupita kweli mbele ya kundi hilo la nyota, mwisho wa Novemba hadi katikati ya Desemba. Lakini mipaka ya makundi ya nyota wanayotumia wanafalaki leo ni nyingine. Wahindi na Wazungu wote hugawa duara mafungu 12 sawasawa. Hilo la 13 halimhusu yeyote kati yao.

Kinachonikera mie kwa vitabu vya Kizungu ni kuelezea Kondoo kuwa ni machipuko baada ya baridi. Mwezi wa tatu hapa kaskazi ndiyo yaisha, joto limekaba, watu wangojea masika. Ukitumia mfumo wa Kizungu Mombasa, kianzio chake ni ikweta na Jua. Maelezo ya misimu ya Ulaya yaache huko.

Maalim_Hesabu

Jihadharini na chati ya tatu, maana hapa mjini ipo na itawachanganya zaidi. Kuna "nyota" inayotolewa kwa abjadi: jina la mtu na jina la mama yake huandikwa kwa herufi za Kiarabu, kila herufi ina thamani yake, unajumlisha, unagawa kwa 12, na kinachobaki ndiyo buruji kuanzia Hamali, yaani Kondoo. Kikibaki sifuri ni Hutu, yaani Samaki, ya 12.

Mfano Ali mwana wa Fatuma. Ali: ain 70, lam 30, ya 10, jumla 110. Fatima: fa 80, alif 1, ta nzito 9, mim 40, na ta ya mwisho iliyofungwa 5, jumla 135. Zote 245. Gawa kwa 12, yabaki 5: Asadi, Simba. Lakini wapo wanaoihesabu ile ta ya mwisho kuwa 400. Jumla yawa 640, yabaki 4: Saratani, Kaa. Kwa hiyo hata maalim wawili wa njia hii wanaweza kupishana kwa herufi moja, na jina likiandikwa kwa matamshi ya Kiswahili badala ya Kiarabu yazidi kuharibika.

Njia hii haitazami anga wala saa ya kuzaliwa. Ikiafikiana na chati ya Kihindi au ya Kizungu ni bahati tu. Kama mtu wa nyumbani keshamwambia binti kuwa yeye ni nyota fulani, uliza kwanza ilipatikana kwa jina au kwa tarehe.

Si_Mwamini

Salamu kwenu. Hesabu zenu safi, nazikubali. Lakini kujua Mwezi ulikuwa wapi ni jambo moja, na kusema kwa hiyo ndoa itadumu ni jambo jingine. Mwaka 1985 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson: wanajimu walipewa chati na maelezo matatu ya tabia, wachague yanayomfaa mwenye chati. Hawakupita theluthi moja, ambayo hata anayebahatisha angeipata. Wanajimu wamelipinga jaribio hilo, lakini jaribio jingine la kulipindua sijaliona. Na kwa sisi Waislamu, falaki ya kibla na nyakati za swala ni halali, utabiri ni mlango mwingine.

KilimiaMSA

Bwana, hilo nalikubali liwe mjadala wake. Muulizaji keshapangiwa meza na wazee. Tumsaidie namba ziwe sahihi, imani ni yake.

Mtaka_Yakini

Ahsanteni sana. Nimerudia programu kwa 20:15, imetoka sawa na mlivyosema. Wallahi nilikuwa tayari kumlaumu pandit.

Maswali mawili yamebaki. Kadi ya zamani ya kliniki imeandikwa "2.15" tu, bila usiku wala mchana. Mamake asema ilikuwa baada ya Isha, "usiku wa Jumatatu". Cheti cha kuzaliwa hakina saa. Nitathibitisha vipi? Na hizo alama 36 za ndoa zahesabiwa kwa chati ipi?

KilimiaMSA

Anza na siku. Tarehe 5 Agosti 1990 ilikuwa Jumapili. Kwa hesabu yetu ya pwani siku huanza magharibi, kwa hiyo usiku wa Jumatatu, wa kuamkia Jumatatu, ni Jumapili baada ya jua kuzama. Maneno ya mama na tarehe yanaafikiana. Tatizo lingekuwa kama mwandishi wa kadi angeandika tarehe 6 kwa sababu alisikia "Jumatatu". Ungekosea saa 24, na Mwezi ungesogea digrii 13, nakshatra nzima, yaani kituo kimoja cha Mwezi kati ya 27 vya duara la Kihindi.

Tena pandit ana mwanzo wake wa tatu: kwake siku huanza jua linapochomoza. Mtoto wa saa kumi alfajiri ya Jumatatu ataandikwa wa Jumapili. Msikosane kwa hilo. Tarehe ya kujaza kwenye programu ni ya kalenda, inayobadilika saa sita usiku.

Isha ya mwezi wa nane hapa ni kama saa mbili kasoro dakika ishirini usiku, kwa hiyo 20:15 yaingia vizuri. Saa nane na robo usiku haiwezi kuitwa "baada ya Isha" na mama yeyote wa Mombasa. Mwulize jambo moja tu zaidi: ile 2.15 ilisomwa kwenye saa ya ukutani au ilikadiriwa? Hapa karibu na ikweta kila buruji huchukua kama saa mbili kuchomoza, kwa hiyo digrii moja ni dakika nne. Lagna ya Kihindi ikiwa Ndoo 17°46', ina kama dakika 50 mbele na zaidi ya saa nzima nyuma kabla ya kubadilika. Robo saa ya makadirio haitaisumbua. Ya Kizungu, Samaki 11°29', ina dakika kama 45 nyuma. Salama pia.

Mwezi ndio wenye uzito kwenye posa, na hapo utaona kwa nini 02:15 ingewaharibia. Duara la Kihindi lina nakshatra 27, kila moja 13°20', na kila moja ina padi nne za 3°20'. Saa 20:15 Mwezi uko Uttarashadha padi ya nne, ndani ya Mbuzi. Saa 02:15 uko Uttarashadha padi ya kwanza, ndani ya Mshale. Nakshatra ni ileile, buruji siyo.

Alama 36 zimegawanywa kwa vipengele vinane, hivi: nadi 8, bhakuti 7, gana 6, urafiki wa sayari 5, yoni 4, tara 3, vashya 2, varna 1. Nadi, gana, yoni na tara hutoka kwenye nakshatra, jumla 21. Zilizobaki 15 hutoka kwenye buruji ya Mwezi. Kwa hiyo kosa la saa lingeacha alama 21 kama zilivyo na kuvuruga 15. Wengi hutaka angalau 18. Hizi zote ni kwa Mwezi wa *Kihindi* wa pande zote mbili. Ukitia Mwezi wa Kizungu utapata namba, programu haitakukatalia, lakini namba hiyo haina maana. Mzungu halinganishi wachumba kwa alama. Huweka chati mbili juu ya nyingine na kutazama sayari za huyu zinagusa za yule kwa digrii ngapi.

Vipindi vya maisha, dasha, navyo hutegemea Mwezi. Nakshatra ya Uttarashadha ni ya Jua, miaka 6. Katika 13°20' Mwezi ulikuwa umebakisha kama 1°15', kwa hiyo alizaliwa na miezi sita hadi saba ya kipindi cha Jua. Baadaye Mwezi miaka 10, Mirihi 7, Rahu 18 (Rahu na Ketu ni nukta mbili ambapo njia ya Mwezi hukata njia ya Jua), Mshtarii 16, Zohali 19, Utaridi 17, Ketu 7, Zuhura 20. Duara zima miaka 120. Rahu yake yaisha mapema 2026. Kwa 02:15 ingeisha katikati ya 2030. Mtu angeshauriwa angoje miaka minne bure.

Sasa mipangilio. Kabla hujachapisha chati ya kuwapa wazee, hakikisha programu imewekwa ayanamsa ya Lahiri, si Raman wala nyingine. Raman yapungua kwa karibu digrii moja na nusu, na hiyo yasogeza vipindi vya aliyezaliwa kwenye dasha ya Mwezi kwa mwaka mmoja na zaidi, wa dasha ya Zuhura kwa miaka miwili. Krishnamurti yapungua kwa dakika 6 tu za digrii, wiki chache. Nyumba, yale mafungu 12 ya chati yanayohesabiwa kutoka lagna, ziwe za buruji nzima. Rahu na Ketu mtaulizwa "wastani" au "halisi". Tofauti yaweza kupita digrii moja, kwa hiyo uliza pandit atumiaye ipi na wote mtumie hiyo. Majira +3:00, Mombasa 4°03' kusini, 39°40' mashariki. Usikubali programu ikuwekee Nairobi: lagna yasogea karibu digrii tatu.

Na kama upande wa pili wataleta chati ya bibi au babu, tazama majira. Programu zenye orodha ya zamani ya saa za Kenya huweka +2:45 kuanzia 1940 hadi 1960. Zenye orodha iliyosahihishwa huweka +3:00 kuanzia Agosti 1942. Robo saa hiyo ni karibu digrii nne za lagna.

Ndege_wa_Kusi

Nyongeza kuhusu kanuni, kwa atakayesoma chati zote mbili baadaye. Mzungu wa leo husema mtawala wa Nge ni Pluto, wa Ndoo Uranus na wa Samaki Neptune. Mhindi ana tisa tu: Jua, Mwezi, sayari tano zinazoonekana kwa macho, na Rahu na Ketu. Nge kwake ni ya Mirihi, Ndoo ya Zohali, Samaki ya Mshtarii, kama ilivyokuwa kwa Wazungu wenyewe kabla Uranus haijagunduliwa mwaka 1781.

Mitazamo nayo mbali. Mzungu hupima digrii: 60, 90, 120, 180, na kuruhusu pengo la digrii chache. Mhindi huhesabu buruji: kila sayari hutazama ya saba kutoka ilipo, Mirihi huongeza ya nne na ya nane, Mshtarii ya tano na ya tisa, Zohali ya tatu na ya kumi. Kwa hiyo Zohali "yatazama" kitu kwenye chati moja na haikitazami kwenye nyingine, bila yeyote kukosea.

Panapoafikiana ni kwenye kutukuka, yaani buruji ambamo sayari huhesabiwa kuwa na nguvu zaidi: Jua Kondoo, Mwezi Ng'ombe, Zohali Mizani, na nyinginezo. Buruji zilezile pande zote, kila mmoja kwa rula yake.

Mtaka_Yakini

Wazee washataja Sade Sati, na kwamba kikao kisiangukie Rahu Kaal, kile kipindi cha mchana wanachokihesabu kuwa cha nuksi. Kalenda yao imechapishwa India.

KilimiaMSA

Sade Sati ni Zohali kupita buruji ya kabla ya Mwezi, ya Mwezi, na ya baada yake, miaka saba na nusu hivi. Mwezi wake uko Mbuzi, kwa hiyo ni Mshale, Mbuzi, Ndoo. Zohali iliingia Samaki ya Kihindi tarehe 29 Machi 2025. Yake imekwisha. Wenye kubanwa tangu siku hiyo ni Mwezi wa Ndoo, Samaki na Kondoo.

Kalenda ya India: saa ya kuisha tithi (siku ya mwezi mwandamo ya Kihindi) au nakshatra ni tukio moja la anga, toa saa mbili na nusu upate ya Mombasa. Rahu Kaal usiitoe hivyo, maana yatokana na jua la mahali ulipo. Chukua kuchomoza hadi kuzama kwa Mombasa, gawa mafungu manane. Kwetu kila fungu ni kama dakika 90 mwaka mzima. Jumatatu ni fungu la 2, Jumamosi la 3, Ijumaa la 4, Jumatano la 5, Alhamisi la 6, Jumanne la 7, Jumapili la 8. Kikao kikiwa Jumapili na jua limechomoza 6:20, Rahu Kaal yaanza karibu saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni na kwisha magharibi. Wekeni saa tisa alasiri.